BOMBA LA KUPULIZIA: LILIKOTOKA, LILIVYOTUFIKIA, NA JINSI TUNAVYOLICHAGUA KWA KAZI YA MAPAA



Katika kurasa nyingine mtasoma habari za hisa, mikopo, marejesho na majina ya viongozi waliopita. Kamati ya maadhimisho ilituomba sisi wa kitengo cha mapaa tuandike historia ya kazi yetu. Tulipokaa kuandika tukaona kwamba historia hiyo ni historia ya chombo kimoja, nacho ni bomba la kupulizia. Wengine huliita pampu. Bila bomba hatuna kazi. Na bomba likifa katikati ya kazi, mwenye nyumba hataki kusikia habari za raba wala valvu. Yeye anataka paa lake.

Iko na sababu ya pili. Mkutano mkuu wa mwaka huu una ajenda ya kununua mabomba sita mapya. Hizo ni fedha nyingi kwa kikundi kama chetu, na wanachama wengi hawajawahi kulibeba bomba mgongoni hata siku moja. Wapo wanaosema tununue ya bei ya chini tupate kumi badala ya sita. Wapo mabinti wanaotaka mashine ya injini. Na wapo wanaouliza, jamani, kwa nini fedha hizo zisigawiwe zikalipe ada za watoto Januari? Haya yote ni maswali halali. Anayenyoosha mkono kupiga kura ajue anachokipigia. Ndiyo maana tumeandika kirefu.

ZABIBU NA MRUTUTU

Bomba la kupulizia dawa halikuanza kwa ajili ya mapaa wala kwa ajili ya mbu. Lilianza kwa ajili ya zabibu, nchini Ufaransa.

Mwaka 1878 ugonjwa wa ukungu uliotoka Amerika uliingia katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Majani yalikauka na kuanguka, na wakulima walikata tamaa. Mwaka 1882 mwalimu wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, aitwaye Pierre-Marie-Alexis Millardet, alikuwa akipita katika wilaya ya Médoc. Akaona jambo la ajabu: mizabibu iliyokuwa kandokando ya njia ilikuwa na majani mabichi, na ile ya ndani ya shamba ilikuwa imeungua. Akauliza. Kumbe wenye shamba walikuwa wameyapaka majani ya kandokando mchanganyiko wa mrututu na chokaa, yawe na rangi mbaya ya bluu, ili wapita njia wasiibe zabibu! Dawa ya kuzuia wezi ikawa dawa ya kuzuia ukungu. Millardet aliifanyia majaribio pamoja na mkemia Ulysse Gayon, na mwaka 1885 akaitangaza. Hadi leo inaitwa mchanganyiko wa Bordeaux.

Lakini ilipakwaje? Mwanzoni kwa ufagio. Mkulima alichovya kifagio cha vijiti katika ndoo akarusha matone juu ya majani. Dawa nyingi ilimwagika chini na kazi ilikuwa ya siku nyingi. Hapo ndipo mafundi walipojitosa. Mmojawapo alikuwa Victor Vermorel wa mji wa Villefranche-sur-Saône, aliyetengeneza bomba la kubeba mgongoni lenye mpini wa kupampu kwa mkono mmoja na fimbo ya kupulizia kwa mkono wa pili. Ukilitazama bomba lililoko stoo kwetu leo, umbo ni lile lile.

Sasa hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mabomba hayo ya Wafaransa yalitengenezwa kwa shaba. Kwa nini yasiwe ya chuma, ambacho ni rahisi zaidi? Kwa sababu mrututu hula chuma. Tia maji ya mrututu katika ndoo ya bati uone, haikawii kutoboka. Shaba ilivumilia. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kanuni ilikuwa moja: dawa ndiyo inayochagua bomba. Kanuni hiyo tutairudia, maana ndiyo moyo wa habari hii.

MRUTUTU WAPANDA KILIMANJARO

Sisi watu wa mlimani bomba tulilijua kwa kahawa. Wazee wetu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ilijenga nyumba za bati, shule na zahanati. Lakini kahawa nayo ina magonjwa yake. Kutu ya majani ilikuwapo. Halafu ukaja ugonjwa wa chulebuni, ambao ulionekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na ukaingia Tanzania mwaka 1964. Chulebuni haigusi jani. Inashambulia tunda lenyewe likiwa bichi, likawa jeusi na kukauka. Mkulima anaona kazi ya mwaka mzima ikianguka chini ya mti.

Dawa iliyotumika sana ilikuwa ya shaba, na wazee waliendelea kuiita mrututu. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ile tunakumbuka kazi yetu sisi watoto wa kike: kuchota maji mferejini na kuyapandisha kihambani, ndoo baada ya ndoo, baba au kaka akipulizia. Bomba lilikuwa la baba. Mama hakuligusa. Alichota maji, alichuja dawa kwa kitambaa isizibe pua ya bomba, na jioni aliosha nguo zilizogeuka bluu. Hatuyasemi haya kwa kulalamika. Tunayasema kwa sababu ni historia, na kwa sababu leo bomba liko migongoni mwetu.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, na ule utaratibu wa kukopeshwa dawa na chama ukalegea. Bei ya kahawa nayo ikaanguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu waling'oa mibuni wakapanda migomba, mahindi na nyanya. Mabomba ya shaba yakatundikwa stoo, mengine yakauzwa kama chuma chakavu kwa kilo.

BOMBA LA MBU

Wakati wakulima wanapigana na ukungu, madaktari walikuwa na vita yao. Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ikaonekana kwamba dawa ya aina hiyo ikipuliziwa kutani, mbu akitua anakufa. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kutokomeza malaria.

Jirani zetu wa Pare na Taveta walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Afrika Mashariki kuona jambo hili kwa ukubwa. Mradi wa Pare-Taveta ulianza mwaka 1954, na nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini kuanzia 1955 hadi 1959. Mbu walipungua sana. Unguja na Pemba nako kampeni ilikwenda hadi 1968, malaria ikashuka mno, kisha kazi iliposimama ikarudi. Mwaka 2006 upuliziaji wa majumbani ulianza tena Zanzibar, kwa dawa nyingine.

Katika kampeni hizi za duniani lilijulikana sana bomba la kampuni ya Marekani iitwayo Hudson, iliyoanzishwa mwaka 1905. Lile halina mpini wa pembeni. Ni mtungi wa chuma kisichoshika kutu. Unatia dawa, unafunga, unapampu hewa kwanza mpaka imeshiba, halafu unapulizia hadi nguvu inapungua. Shirika la Afya lilitoa masharti ya jinsi mtungi unavyotakiwa kuwa: ustahimili kiasi gani cha mgandamizo, kuanguka, na kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Hata tundu la pua lilipewa namba. Pua ya namba 8002 hutoa galoni 0.2 za Kimarekani kwa dakika kwa mgandamizo wa 40 psi, yaani mililita 757 hivi.

Kwa nini tunalitaja hili? Kwa sababu hapo ndipo bomba lilipopimwa kwa kipimo badala ya kupimwa kwa maneno ya muuza duka. Na kipimo cha dakika moja mtu yeyote anaweza kukifanya akiwa na saa na jagi la lita moja. Tutaeleza mbele.

PLASTIKI YAINGIA

Plastiki iitwayo polithini ilipatikana Uingereza mwaka 1933. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza ile ngumu, na mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akafuatia na polipropilini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Plastiki hizi hazili kutu, ni nyepesi, na zinavumilia dawa nyingi ambazo shaba na chuma haziwezi. Mitungi ya mabomba ikahama kutoka shaba kwenda plastiki.

Kuna habari moja inayotufurahisha. Huko Brazili, katika mji wa Pompeia, alifika Mjapani mhamiaji aitwaye Shunji Nishimura. Alikuwa fundi, akaweka kibao kinachosema anatengeneza kila kitu. Wakulima wakamletea mashine zao za dawa zilizoharibika. Kwa kuzifungua na kuzifunga alijifunza zinafia wapi, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya Jacto, ambayo leo inauza mabomba dunia nzima. Yaani elimu ya bomba imara ilitoka kwa mtu aliyekuwa anatengeneza mabovu.

Lakini plastiki nayo ina adui, ambaye ni jua. Plastiki isiyotiwa kinga ikiachwa juani inakuwa kavu kama ganda la yai, inapasuka. Tena plastiki imeleta mabomba mepesi mno, yaliyogandishwa moja kwa moja, ambayo hayafunguki. Likifa limekufa.

SISI NA MAPAA

Watu hutuuliza, ninyi akina mama mliingiaje kwenye mapaa? Jibu ni maji. Mlimani na mjini Moshi watu wengi wamejenga matangi ya kuvuna maji ya mvua. Paa likiwa na vumbi, majani, kinyesi cha ndege na popo, maji ya tangi ni hayo hayo. Tulianza kwa kusafisha mapaa na mifereji yetu wenyewe kabla ya masika, kwa zamu, kila wiki nyumba mbili. Majirani wakaona, wakaomba kwa malipo. Halafu wakaja wenye nyumba za vigae. Kwa unyevu wetu huku, kigae kinaota kuvumwani na ukoga mweusi, na kuvumwani kikishika maji kigae kinaloa mwaka mzima.

Maneno tuliyasikia. Eti mwanamke juu ya paa ni aibu. Wazee wawili walikuja hata mkutanoni kutuuliza kama waume zetu wanajua. Waume walijua, na wengine ndio waliotushikia ngazi.

Bomba letu la kwanza lilikuwa la kahawa, la shaba, kutoka stoo ya mwanachama mmoja. Fundi wa viatu alikata ngozi mpya akabadilisha washa ya ndani, akaipaka mafuta, na bomba lililolala miaka mingi likafufuka asubuhi moja. Hilo lilitufundisha jambo kubwa: chombo kinachofunguka hakizeeki upesi. Lakini kazi ya vigae inataka klorini, na klorini hula shaba, tena inakausha ngozi. Kwa hiyo lile la shaba tuliliweka kwa kazi ya maji na sabuni tu, tukatafuta mengine kwa klorini. Bado lipo na bado linafanya kazi.

Katika miaka hii kumi mabomba kumi na manne yamepita mikononi mwetu. Tunalo daftari: limenunuliwa lini, limefanya mapaa mangapi, limekufa kwa nini. Ukilisoma daftari hilo utaona kwamba mtungi wenyewe ni nadra kufa. Vinavyokufa ni vitu vidogo: raba, spring'i ya kifyatulio, mpira mahali unapoungana na mtungi, na mikanda ya mabegani.

Mwaka wetu wa nne duka moja, ambalo hatutalitaja, lilituuzia bomba likiapa kwamba raba zake zinavumilia klorini. Siku ya tatu mpira ulichomoka mahali pa kuungania na dawa ikamshukia mwenzetu mgongoni. Kwa bahati maji safi yalikuwa karibu, tukamwagia mengi, mengi kabisa, nguo zikavuliwa hapo hapo. Ngozi ilibabuka, akapona. Lakini tangu siku hiyo hatumwamini mtu kwa kiapo. Tunalijaribu bomba kwa maji kwanza.

MAMBO YA KUTAZAMA UNAPONUNUA BOMBA

Kwanza, uliza dawa kabla ya kuuliza bei. Klorini ya maji, ile ambayo asili yake ni maji ya Javel yaliyotengenezwa karibu na Paris miaka ya 1780, ni kali kwa shaba, kwa alumini na kwa bati lenye zinki. Hata chuma kisichoshika kutu kinashikwa nayo kikiachwa kimelowa siku nyingi. Mtungi wa polithini au polipropilini ndio unaofaa. Spring'i ikiwa ndani ya njia ya dawa, hiyo ndiyo itakayokufa kwanza.

Pili, tazama raba. Raba nyeusi ya kawaida inavimba na kulainika kwa klorini. Zipo raba za aina mbili zinazovumilia vizuri zaidi, moja huandikwa EPDM na nyingine huitwa Viton. Kama muuzaji hajui raba yake ni ya aina gani, nunua raba za akiba kwanza uone kama zinapatikana. Bomba lisilo na spea Moshi wala Arusha ni pambo.

Tatu, jua aina ya pampu iliyo ndani. Ipo ya pistoni na ipo ya kiwambo. Pistoni inatoa nguvu zaidi. Kiwambo kinavumilia dawa yenye chembe na mchanga, kama chokaa. Kwa klorini iliyochujwa vizuri pistoni inatosha.

Nne, pima uzito. Bomba la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji peke yake, bado mtungi. Hakuna mwanamke wa kikundi hiki anayepanda paa na kilo 20 mgongoni. Hiyo ni sheria. Bomba linabaki chini, mwenzako anapampu, na wewe uko juu na fimbo na mpira mrefu tu, umejifunga kamba. Hapa ndipo hesabu ya nguvu inapoingia. Kupandisha maji mita 10 kunakula nguvu ya bar moja. Paa la mita 5 linakula nusu bar, la mita 8 linakula sehemu nane za kumi. Bomba la mkono hutoa kama bar 2 hadi 4, kwa hiyo linatosha nyumba ya chini na hata ya ghorofa moja, ila mpira uwe mzima usio na viungo vingi.

Tano, fungua na ufunge. Mwambie muuzaji alifungue mbele yako bila vifaa vya ajabu. Likihitaji fundi wa mjini kulifungua, liache.

Sita, jaribu kwa maji. Lijaze, pampu mpaka ligome, funga, liache wakati mnakunywa chai. Rudi utazame kama kuna tone chini. Kisha pulizia ndani ya jagi kwa dakika moja, andika kiasi. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Pua ikianza kutoa zaidi ya sehemu ya kumi ya ulivyoandika mwanzo, imelika, ibadilishe. Pua ya shaba inalika upesi kuliko ya chuma kisichoshika kutu au ya kauri.

Saba, utunzaji. Bomba bora la dunia hii litakufa msimu mmoja likilazwa na klorini ndani. Kila jioni lioshwe kwa maji safi mara tatu, maji yapite hadi kwenye pua, likaushwe kivulini likiwa kichwa chini. Mgandamizo utolewe. Raba zipakwe mafuta ya silikoni, siyo mafuta ya gari.

Kuhusu mashine ya injini mabinti wetu wana hoja. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitoa mashine yake ya kuosha kwa maji ya moto na mgandamizo mkubwa mwaka 1950, na kazi yake kwa sakafu na magari inaonekana. Lakini juu ya paa nguvu ile inachubua uso wa kigae na kusukuma maji chini yake, dari ikalowa. Tunachokitaka sisi ni dawa itue polepole, ikae dakika kumi na tano au ishirini, kisha isuuzwe. Hiyo ni kazi ya bomba la mkono. Mashine ya injini tuiwekee ajenda yake siku nyingine, kwa kazi ya viwanja.

YALE TUSIYOKUBALI KUFANYA

Haya hayauzwi kwa bei yoyote, na kila mwanachama ayajue hata kama hapandi paa.

Hatusugui wala kupulizia kwa nguvu mapaa ya asbesto, yale mabati ya kijivu ya zamani yenye mawimbi, ambayo bado yapo kwenye baadhi ya majengo. Nyuzi zake zikiingia kifuani huleta saratani baada ya miaka mingi. Tulishakataa kazi mbili za namna hiyo, zenye malipo mazuri.

Hatutii klorini wala mrututu kwenye mabati yenye zinki, maana tutayaharibu. Hayo ni sabuni, brashi laini na maji. Hatuchanganyi klorini na dawa ya choo wala asidi yoyote, kwa sababu hutoa hewa ya sumu, ile ile iliyotumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Na kabla ya kazi tunachomoa bomba la mfereji linaloingia tangini, halirudishwi mpaka paa limesuuzwa na mvua ya kwanza imepita. Migomba na maua yanalowanishwa kwanza. Watu wanakunywa maji ya paa tulilosafisha. Mtoto akiugua, jina la kikundi limekwisha.

HESABU KWA WAPIGA KURA

Tuchukue mfano, bei za sokoni hubadilika. Bomba la sh. 40,000 linalodumu miezi sita: kwa miaka mitatu utanunua sita, yaani sh. 240,000. Bomba la sh. 150,000 linalofunguka, ukilitilia spea za sh. 15,000 kila mwaka: kwa miaka mitatu ni sh. 195,000. Umeokoa sh. 45,000, na hatujahesabu siku ambazo bomba rahisi lilikufa saa nne asubuhi, nauli ya watu wanne ikapotea na mwenye nyumba akamwita mtu mwingine. Wahenga walisema rahisi ghali.

Ila na wale wanaotaka ada za Januari wasikilizwe. Fedha ya hisa ni ya mwanachama, siyo ya bomba. Kwa hiyo kitengo cha mapaa kinaleta mkutanoni pendekezo hili. Mabomba sita yanunuliwe kwa faida ya kazi za mapaa peke yake, matatu mwaka huu na matatu baada ya masika ijayo, hisa zisiguswe. Katika kila kazi itengwe sehemu ya malipo kwa spea kabla ya mgao. Na kila bomba liwe na mama mmoja anayelijibu, jina lake liandikwe kwenye daftari. Mkutano ukikataa tutatii, na tutaendelea na manne tuliyonayo mpaka yachoke.

Tunawashukuru mafundi wa viatu na wa baiskeli waliotutengenezea raba, washa na viungo pale ambapo duka lilishindwa. Tunawashukuru waume na wana waliotushikia ngazi. Na tunawashukuru wale mama zetu waliochota maji ya mrututu miaka yote ile bila kushika mpini. Mabomba matatu ya mfano yatakuwepo siku ya sherehe, mezani karibu na sanduku la kikundi. Mje muyashike, muyafungue, muyajaribu kwa maji, ndipo mkapige kura.

Sisi wa kitengo cha mapaa, kwa niaba ya kikundi,
Mwenyekiti